Dengue: homa ikishuka siku ya nne ndo uanze kuwa macho, mishipa ya damu inavuja

#1 mpimadamu

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo naumaliza kwa sababu mvua zimeanza tena hapa Dar, asubuhi nimewakuta wale mbu weusi wa dengue wenye madoadoa meupe miguuni wanazunguka kwenye ndoo yangu ya maji bafuni, na juzi kwenye kibanda cha chipsi nimemsikia mzee mmoja anamwambia mwenzake "mtoto homa imeshuka, tunamshukuru Mungu, kapona". Chipsi zenyewe sikuzimaliza. Nilimfuata nikaongea naye, na yale niliyomwambia ndo nayaleta hapa kwa urefu.

Mimi ni mtu wa maabara, natoa damu na kuipima, sio daktari. Madaktari mliomo humu mkiona nimekosea nirekebisheni, sitachukia.

2019 mnaukumbuka ule mlipuko wa dengue, wagonjwa walipita 6,000, wengi wao hapa hapa Dar na wengine Tanga. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 11. Alianza jumatatu, homa kali ghafla, anasema macho yanamuuma kwa nyuma, kiuno, magoti, hataki hata kuguswa. Wakampeleka zahanati ya karibu (siitaji), malaria wakapima hakuna, wakampa dawa za malaria hivyo hivyo na sindano ya diklofenaki ya kushusha homa. Mimi nikapata taarifa jumanne, nikasema mleteni, nikamtoa damu mwenyewe. Kipimo cha dengue kikasoma, FBP yake (kipimo cha damu nzima) hematokriti 36, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) 160,000. Kwa wasiojua, hematokriti ni asilimia ya damu yako ambayo ni chembe nyekundu, iliyobaki karibu yote ni maji ya damu, plazma. Hiyo namba 36 ikumbukeni.

Akarudishwa nyumbani na panadol, uji, ORS, dafu. Alhamisi usiku dada akanipigia kwa furaha kabisa, "kaka, mtoto kapoa, hana joto hata kidogo, kalala". Na mimi nikafurahi, nikalala. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, maana nilikuwa nimesoma haya mambo chuoni na bado nililala.

Ijumaa asubuhi nafika pale mtoto ametapika mara nne tangu alfajiri, analalamika tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, ukimsemesha anajibu kwa tabu afu anafumba macho. Mikono na miguu ya baridi kama ametoka kushika barafu, na paji la uso nalo halina homa. Nikamuuliza dada amekojoa saa ngapi, akafikiria weee, akasema jana jioni. Nikambonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, nikaachia, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndo rangi ikaanza kurudi. Kwa mtu mwenye afya hata mbili haifiki. Nikambeba hadi barabarani tukapanda bajaji.

Hospitali nesi akampima presha, ikasoma 95 kwa 80. Akasema presha ipo, kaeni kwenye foleni. Nikamwambia dada yangu, angalia hiyo tofauti, ni 15 tu kati ya juu na chini, huyu mtoto anaenda. Nikaomba wanipe nafasi maabara yao nizungushe hematokriti kwa mkono, jamaa wa zamu tulisoma chuo kimoja akanikubalia. Unachukua kile kimrija cha kioo chembamba, damu inapanda yenyewe, unaziba upande mmoja kwa udongo wake maalum, unaweka kwenye mashine inazunguka dakika tano. Ikitoka unaona damu imejigawa, chini nyekundu, katikati kamstari kembamba keupe, juu maji ya rangi kama chai ya rangi nyepesi sana. Nimefanya hiyo kazi mara nyingi sana, jicho langu linajua yale maji yanatakiwa yafike wapi. Ya mtoto yalikuwa mafupi. Nikaiweka kwenye kipimio, 45.

Kutoka 36 hadi 45 ni ongezeko la asilimia 25. Chembe nyekundu hazikuongezeka, mtoto mgonjwa asiyekula hatengenezi damu mpya kwa siku tatu. Maji ndo yamepungua. Na hakuharisha, na kutapika mara nne hakuwezi kutoa maji kiasi hicho. Yamepotea yakiwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Nikatoka na ule mrija mkononi nikakimbia kumtafuta daktari.

Naendelea post inayofuata, nieleze yalienda wapi.

#2 mpimadamu

Mishipa midogo kabisa ya damu, kapilari, ukuta wake ni mwembamba sana, ni seli moja tu imelala pembeni ya mwenzake kama vigae, na kati ya kigae na kigae kuna viungio vinavyoshikilia. Kwa ndani, pale damu inapopita, kuna utando wa utelezi umepakwa juu ya hizo seli, ni sukari sukari na protini, wataalamu wanauita glaikokaliksi, mimi kichwani huwa nauona kama ule utelezi wa bamia umepakwa ndani ya bomba. Huo utelezi ndo unaozuia protini za damu, hasa albumini, zisitoke nje. Na albumini ikibaki ndani inayashikilia maji yabaki ndani. Kwa hiyo ukitaka kuelewa dengue kali, sahau kwanza habari ya damu kutoka puani, fikiria huo utelezi.

Kirusi cha dengue kikiwa ndani ya seli zako kinatengeneza protini moja inaitwa NS1 na kinaimwaga kwenye damu. Ndo hiyohiyo tunayoitafuta kwenye kile kipimo cha haraka siku za mwanzo. Kwa miaka mingi ilionekana ni kama alama tu, inatusaidia kujua mtu anaumwa. 2015 zikatoka tafiti mbili kwa pamoja zikaonyesha NS1 yenyewe, hata bila kirusi, inaifanya mishipa ivuje. Inagusa seli za ukuta na inaamsha vimeng'enya vya seli hizo hizo ambavyo vinaanza kuukata ule utelezi, vipande vinachukuliwa na damu, unabaki ukuta mtupu na viungio vya vigae vinalegea. Wakati huo huo kinga ya mwili imepandisha hasira, inamwaga kemikali zake zinazosema fungueni mishipa tupeleke askari, kwenye kidonda cha kawaida hiyo ni kazi nzuri kabisa lakini hapa inafanyika mwili mzima kwa wakati mmoja.

Ukuta ukilegea albumini inatoka, maji yanaifuata. Yanaingia kwenye uwazi unaozunguka mapafu, mara nyingi upande wa kulia ndo unaanza, yanaingia tumboni, hata ukuta wa mfuko wa nyongo unavimba ukiangalia kwenye altrasaundi. Mtoto wetu alipopigwa altrasaundi ile ijumaa maji yalikuwepo tumboni na kifuani kulia. Yale maumivu chini ya mbavu hayakuwa gesi.

Damu inayobaki kwenye mishipa ni kidogo afu nzito. Moyo unakimbia kusukuma hicho kidogo, mwili unabana mishipa ya mikono na miguu ili ubongo na moyo wapate, ndo maana vidole vinakuwa vya baridi na namba ya chini ya presha inapanda kuifuata ya juu. Ndo ile 95 kwa 80. Namba ya juu bado inaonekana nzuri, mtu anaongea, anakaa, na watoto ndo wanadanganya zaidi maana wanaweza kukaa hivyo muda afu wakaanguka ghafla. Tofauti kati ya namba mbili ikifika 20 kushuka chini, hiyo tayari ni shoku, yani damu haifiki ya kutosha kwenye viungo, hata kama mgonjwa amekaa anakutazama.

Na jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanipa moyo. Madaktari waliowahi kuchunguza mishipa ya waliofariki hawakukuta imeoza wala kutoboka. Kuvuja kwenyewe kunachukua kama saa 24 hadi 48, basi, ukuta unajirudi, na maji yale yale yanaanza kurudi kwenye damu yenyewe. Yani mgonjwa anatakiwa avushwe siku mbili tu.

#3 Kijana wa Mbagala

Mkuu umenifungua macho. Ila sijaelewa kitu kimoja, kwa nini ianze kuvuja homa ikishuka na sio homa ikiwa juu? Mimi nilidhani homa kali ndo hatari.

#4 mpimadamu

Swali zuri kaka. Siku tatu nne za mwanzo kirusi ni kingi kwenye damu, ndo homa. Kinga inapofika kwa nguvu kirusi kinapungua haraka, joto linashuka, lakini NS1 imeshamwagwa na zile kemikali za kinga ndo ziko kileleni. Kwa hiyo madhara ya vita yanaonekana adui akiwa ameshaanza kuondoka. Ni kati ya siku ya 3 hadi ya 7 tangu homa ianze, hesabu kwa vidole, andika ukutani kama mama yangu alivyokuwa anaandika siku za maziwa.

Na sio kila mtu. Wengi homa ikishuka wanapona kweli, wanaanza kudai chakula. Tofauti unaiona hapo, anayepona anachangamka, anayevuja joto limeshuka ila yeye anazidi kulegea.

#5 Nesi wa Likoni

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, wodi. Dengue hapa kwetu si mgeni, 2013 ilitupiga sana na imerudi mara kadhaa baadaye. Naongeza kwa mleta mada, jambo linalotusumbua ni jina. Zamani vitabu vikisema homa ya dengue ya kutoka damu, basi kila mtu, hata sisi wauguzi, tunangoja damu. Mgonjwa hatoki damu puani, hatoki damu ufizini, twasema huyu hali yake si mbaya. 2009 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mpangilio, sasa ni dengue isiyo na dalili za hatari, yenye dalili za hatari, na dengue kali, na kuvuja kumewekwa mbele. Wengi walozidiwa mikononi mwetu hawakutoka hata tone.

Ukishika mkono wa mgonjwa ndo umempima. Mimi kila nikipita kitandani nawashika vidole vya miguu kabla ya kutazama faili. Vikiwa na joto naendelea, vikiwa baridi nasimama hapo hapo.

#6 mpimadamu

Dada yangu Mungu akubariki, hiyo ya vidole vya miguu nimeichukua.

#7 Mama Tausi

Mimi nina tofauti kidogo na mnavyosema. Mume wangu 2019 chembe sahani zilishuka hadi 28,000, tukamkamulia majani ya mpapai siku tatu zikapanda hadi 140,000. Hospitali walikuwa wanasema aongezewe chembe sahani, sisi tukatumia mpapai na leo yupo hai. Sasa mbona huzungumzii chembe sahani kabisa wakati ndo kila mtu anazifuatilia?

#8 mpimadamu

Shikamoo mama. Nafurahi baba amepona, na sina neno baya na mpapai, nina jirani naye alifanya hivyo hivyo. Ninachokijua ni kwamba chembe sahani kwenye dengue zinashuka zenyewe na zikifika siku ya saba nane kwenda mbele zinapanda zenyewe, hata kwa ambaye hakunywa chochote, kwa hiyo ni vigumu sana mtu nyumbani kujua nani kazipandisha. Ushahidi wa mpapai mpaka sasa ni mwembamba. Na kuongezewa, kulifanyika utafiti Singapore na Malaysia kwa watu wazima 372 ambao chembe zao zilikuwa 20,000 kushuka chini na hawatoki damu, ukachapishwa 2017, walioongezewa hawakuzuiwa kutoka damu kuliko wasioongezewa, na waliopata madhara ya kuongezewa walikuwa wengi zaidi.

Sizungumzii chembe sahani mama kwa sababu hizo ndo zimetukamata akili. Ndugu wa mgonjwa wanapigiana simu ziko ngapi, ziko ngapi, mitandaoni watu wanaomba wachangiaji, na kwenye karatasi ile ile mistari michache pembeni hematokriti imepanda kutoka 38 hadi 47 hakuna hata mmoja ameiangalia. Mpwa wangu ile ijumaa chembe zilikuwa 62,000, mtu angeangalia hiyo tu angesema bado ziko mbali na hatari, na mtoto tayari alikuwa kwenye shoku. Naomba sana, ukipewa FBP iangalie ya leo na ya jana pamoja. Zikiwa zinapishana, chembe sahani zinashuka kwa kasi na hematokriti inapanda, mtu huyo anavuja.

Na kitu kingine mama, juisi chungu ya mpapai kwa mtu anayetapika inaweza kumzidishia kutapika, na kutapika ni dalili tunayoitegemea kumjua anayezidiwa.

#9 Mama Tausi

Marahaba mwanangu. Umenijibu kwa adabu nimekuelewa. Hilo la hematokriti sikulijua, nimetoa karatasi zake za wakati ule kwenye bahasha nazisoma sasa hivi.

#10 DaktariMpole

Mleta uzi umeeleza vizuri, nakazia na kurekebisha kidogo kwa sababu watu watasoma hapa afu watadhani dawa ni kumwagia mgonjwa dripu kwa wingi. Hapana. Dengue kali haina dawa ya kuua kirusi mpaka leo, steroidi hazijaonyesha msaada, dawa ni maji lakini maji kwa kipimo na kwa saa.

Mtoto kama huyo aliye kwenye shoku ambayo presha haijaanguka tunaanza na ringa au dripu ya chumvi, mililita 10 kwa kila kilo ndani ya saa moja, mtoto wa kilo 30 ni mililita 300, afu unarudi kumshika, unahesabu mapigo, unapima hematokriti tena. Ikishuka na vidole vikapata joto unapunguza, saa inayofuata unapunguza tena. Mpaka bomba lililo wazi lijifunge lenyewe. Ukizidisha, kumbuka ukuta unavuja, unachoingiza kinaishia kifuani na tumboni, mgonjwa anashindwa kupumua. Na kosa kubwa zaidi liko siku ya tatu tangu kuvuja kuanze, yale maji yaliyotoka yanarudi kwenye damu, mgonjwa anatakiwa achomolewe dripu, lakini ndugu wanalalamika "dokta mbona mmemtoa dripu", na daktari mchanga anairudisha. Mapafu yanajaa. Nimewaona waliovuka shoku salama wakapotelea hapo, ni uchungu ambao hauelezeki.

Na hematokriti ikishuka usishangilie kabla hujamtazama mgonjwa. Imeshuka na amechangamka, anapona. Imeshuka na amezidi kulegea, mapigo yanakimbia, huyo anatoka damu kwa ndani, huyo anahitaji damu haraka. Hapo ndo ile diklofenaki mliyochomwa siku ya kwanza inarudi kudai, maana hiyo, brufeni na aspirini zinachokonoa tumbo na kuzuia chembe sahani kufanya kazi. Homa ya dengue ni panadol kwa kipimo chake na kitambaa cha maji, basi.

Wagonjwa wa shoku wakicheleweshwa, katika kila 5 anaweza kufa 1. Wakishikwa mapema na watu wanaojua, vifo vinashuka chini ya 1 kwa kila 100. Hakuna mashine kubwa hapo katikati, ni mtu aliyekaa kando ya kitanda anashika vidole kila saa.

#11 Mzee wa Makunduchi

Huku Unguja wazee wetu ugonjwa huu wakiuita kidinga popo. Yule daktari James Christie alokuwa Zanzibar aliuandika mlipuko wa 1870 na wazee wakamwambia ulishapita 1823. Wapo wanaosema hata hilo neno dengue limetokana na kidinga chetu, na wapo wasemao ugonjwa wenyewe wa siku zile huenda ulikuwa chikungunya, maana maumivu ya viungo yalikuwa makubwa mno. Mimi nauliza, wengine husema ukiipata mara moja umepona moja kwa moja, wengine husema ya pili ndiyo huua. Lipi ni lipi?

#12 mpimadamu

Shikamoo mzee wangu, ahsante kwa hiyo historia.

Yote mawili yana ukweli wake. Kuna aina nne za kirusi cha dengue. Ukiugua aina ya 1 unapata kinga ya aina ya 1 ya muda mrefu sana, lakini sio ya zile tatu. Na inayofuata ikiwa ya aina nyingine, zile kingamwili za mara ya kwanza zinamtambua mgeni nusu nusu, zinamshika lakini hazina nguvu ya kumuua. Sasa kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili, zinakimeza kirusi kikiwa hai na ndani ya seli hizo ndo kinapenda kuzaliana. Kama mlinzi anayefungua geti kwa sababu gari ameiona na sticker ya kampuni, haangalii nani kakaa ndani. Kirusi kinakuwa kingi, NS1 inakuwa nyingi, ule utelezi unakatwa sana.

Ushahidi uliowashtua watu ni wa Kuba. 1977 walipata aina ya 1, watu wengi waliugua na kupona. 1981 ikaja aina ya 2, wagonjwa 344,203 na waliofariki 158, watoto 101 kati yao. Afu 1997 aina ya 2 ikarudi mji wa Santiago, na waliozidiwa karibu wote walikuwa watu wazima, wale waliokuwa wameshazaliwa 1977. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na kumbukumbu yoyote kwenye damu, hawakuzidiwa. Miaka 20 imepita na damu bado inakumbuka.

Sasa turudi Dar. Mlipuko wa 2014 hapa ulikuwa wa aina ya 2. Wa 2019 ulikuwa wa aina ya 1. 2014 dada yangu alipimwa akakutwa nayo, na mpwa wangu akiwa na miaka sita aliugua homa wiki ile ile, hakupimwa kwa sababu alipona haraka, tukasema ni mafua. Siwezi kuapa, lakini nikiweka hizo tarehe pamoja nadhani najua kwa nini yeye alianguka na mtoto wa nyumba ya pili wa umri ule ule hakuanguka. Pia watoto mishipa yao midogo inapitisha maji kirahisi kuliko ya mtu mzima, hiyo nayo ilichangia.

Kwa hiyo mkazi yeyote wa Dar, Tanga, Mombasa aliyepata zamani asijihesabu yuko salama. Aina nyingine ikija, yeye ndo wa kuangaliwa zaidi.

#13 Ummu Rahma

Na mtoto mchanga? Nina wa miezi minane, mimi niliugua 2019.

#14 DaktariMpole

Mama, kingamwili zako zilipita kwake akiwa tumboni. Miezi ya mwanzo zinamlinda, zikianza kupungua, kuanzia kama miezi sita hadi mwaka, zinabaki chache za kufungua geti kama alivyoeleza mleta uzi. Hivyo mtoto wa umri huo akipata dengue hata ya kwanza anaweza kuvuja. Chandarua na mchana pia, huyu mbu anauma asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, wakati mtoto analala kwenye mkeka sebuleni. Maji yaliyotuama kwenye sahani za maua, matairi, vifuu, ndoo zisizofunikwa, mwaga yote kila wiki na usugue kingo maana mayai yanaganda pale.

#15 Kijana wa Mbagala

Wakuu samahani. Nilipouliza lile swali asubuhi sikusema kila kitu. Mke wangu ana dengue, kapimwa jumapili. Leo siku ya tano tangu homa ianze. Homa imeshuka jana usiku. Nimerudi sasa hivi kazini nimekuta ametapika mara tatu, amelala, anasema kizunguzungu akikaa. Nimeshika miguu yake kama alivyosema nesi. Ya baridi. Nifanyeje

#16 mpimadamu

Kaka ondoka SASA. Usisubiri asubuhi, usipitie duka la dawa, usikubali sindano yoyote ya maumivu. Hospitali yenye maabara na wodi. Chukua karatasi ya jumapili ya FBP iweke mfukoni, mkifika waambie "ana dengue siku ya tano, homa imeshuka jana, anatapika, miguu ya baridi, tunaomba hematokriti na mlinganishe na hii". Sema hivyo hivyo kwa maneno hayo. Njiani ORS kwa kijiko kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Mwulize amekojoa saa ngapi mara ya mwisho.

#17 DaktariMpole

Na ana mimba? Kama ana mimba waambie getini kabisa. Andika hapa ukifika.

#18 Kijana wa Mbagala

Hana mimba. Tuko kwenye bajaji. Kukojoa anasema saa tano asubuhi

#19 Nesi wa Likoni

Twakuombea. Mwinue miguu kidogo, mfunike. Zungumza naye, asinyamaze.

#20 Kijana wa Mbagala

Tumefika. Presha 90 kwa 75. Nikawaambia kama ulivyoniandikia, dada wa mapokezi alitaka tukae, nikampa simu asome post yako ya kwanza, akamwita daktari. Hematokriti 46, ya jumapili ilikuwa 37. Wamemtundikia dripu mkono wa kulia, daktari kasema atarudi ndani ya saa moja kumwangalia.

#21 mpimadamu

Mwambie akichelewa umfuate. Kaa hapo, shika miguu yake kila nusu saa, uandike na saa. Mimi silali leo.

#22 Kijana wa Mbagala

Saa nne na nusu, bado ya baridi. Saa tano, magoti yana joto vidole bado. Wamepima tena 43, wamepunguza kasi ya dripu.

#23 Kijana wa Mbagala

Saa saba kasoro, vidole vimepata joto. Amenishika mkono mwenyewe akaniuliza mtoto kala nini.

#24 Kijana wa Mbagala

Saa tisa na dakika kumi usiku. Ameomba kwenda chooni. Nimemsindikiza nimeshikilia chupa ya dripu juu, amekojoa, mkojo mwingi tu. Nesi wa hapa kaandika kwenye karatasi.